Mhudumu anamsagia Bibi dawa kwenye chakula, timu yangu imegawanyika

Mshauri, salaam.

Mimi ni muuguzi, naongoza timu ndogo inayohudumia wagonjwa majumbani. Kwa mgonjwa huyu ninayekuandikia habari zake tuko watano: mimi, wahudumu wawili wanaopokezana zamu ya asubuhi na ya jioni, mtaalamu wa viungo anayekuja mara moja kwa wiki, na daktari ambaye mara nyingi tunaongea naye kwa simu tu. Mgonjwa ni mama wa miaka 79 mwenye demensia ya Alzheimer, ule ugonjwa unaofifisha kumbukumbu. Sote tunamwita Bibi. Ana kisukari na presha pia. Anaishi na binti yake, ambaye mchana yuko kazini. Mtoto wake wa kiume anaishi mbali, huja kumwona mwisho wa mwezi.

Miezi miwili iliyopita Bibi alianza kukataa vidonge. Anafumba mdomo, anageuza uso, akibembelezwa sana anapokea kisha anatema. Nilizungumza na daktari, akapunguza idadi: metformini, dawa yake ya kisukari aliyokuwa akimeza mara mbili kwa siku, ikabadilishwa ikawa ya mara moja, asubuhi, pamoja na kidonge cha presha na donepezili, dawa yake ya demensia. Baada ya hapo karatasi ya dawa ikawa safi kabisa. Kila asubuhi alama imewekwa kwamba zote zimemezwa. Nikashukuru Mungu, nikaendelea na mengine.

Kumbe mhudumu wa asubuhi, ambaye ndiye mkongwe wetu, alikuwa anavisaga vidonge vyote vitatu kwa pamoja na kuvichanganya kwenye chakula. Binti anajua na ameridhia. Mimi sikuambiwa, daktari hakuambiwa, na Bibi mwenyewe haambiwi. Siku moja mhudumu wa jioni alimshikia mwenzake zamu, akakuta kinu kidogo jikoni kina unga mweupe, akamuuliza binti, kisha akaandika kwenye daftari: "Dawa za Bibi zinasagwa na kufichwa kwenye chakula bila yeye kujua." Mtoto wa kiume alipokuja alilisoma daftari kabla yangu. Alinipigia simu akifoka, kwamba mama yake anategeshewa dawa kama panya, na kwamba mhudumu huyo aondolewe mara moja.

Binti naye anasema mhudumu huyo akiondoka, na sisi wengine tusirudi. Namwelewa. Mhudumu mkongwe ndiye pekee anayeweza kumkata Bibi kucha. Ndiye anayejua kwamba Bibi akianza kukunja-kunja pindo la gauni, anataka choo. Ila kwenye daftari haandiki kitu zaidi ya "ameshinda vizuri". Nikimwambia, ananijibu, "Sista, ninyi mnaandika, mimi namtunza."

Mhudumu wa jioni ni kijana, anaandika kila kitu, lakini Bibi hataki kuogeshwa naye. Wiki iliyopita alimparura mkononi. Sasa mwenzake anamwita mchongezi, naye ameomba ahamishiwe kwa mgonjwa mwingine.

Wakati sisi tunavutana, Bibi anazidi kudhoofu. Anaacha nusu ya chakula. Amepungua kutoka kilo 58 hadi 55 tangu mambo haya yaanze. Mwezi huu amekuwa akijichafua, jambo ambalo halikuwepo, na kila jioni kumsafisha ni vita. Mtaalamu wa viungo anasema siku hizi hasimami imara. Mtoto wa kiume anataka apewe dawa ya kumtuliza. Daktari, nilipomweleza habari ya kusaga, alisema kwa haraka, "Muradi anameza, endeleeni."

Nimuondoe mhudumu mkongwe? Nikizuia kusaga, Bibi atarudi kukataa dawa, sukari na presha zitapanda, na lawama ni yangu. Nikiruhusu, nami nimeshiriki kumdanganya mtu mzima asiyeweza kujitetea. Nikimuunga mkono kijana, nimevunja nyumba. Nikinyamaza, nimemfundisha kwamba kuandika ukweli kunaleta matatizo.

Muuguzi Kiongozi

*

Sista,

Asante kwa barua iliyo wazi namna hii. Umeandika kama mtu anayempenda mgonjwa wake na anayewaheshimu hata wale wanaomtia kichwa kuuma. Nitajitahidi kukujibu kwa uzito huohuo.

Lakini kuna jambo moja haliwezi kungoja hadi tumalize kuongea. Umetaja mambo mawili kwenye aya mbili zilizo mbalimbali, mimi nimeyasoma pamoja: metformini ya Bibi ilibadilishwa ikawa ya mara moja kwa siku, na mwezi huu ameanza kujichafua. Metformini ya mara moja kwa siku kwa kawaida ni ile iliyotengenezwa itoe dawa polepole. Chukua boksi lake usome kilichoandikwa baada ya jina. Ukiona herufi kama XR, SR au MR, kidonge hicho hakisagwi wala hakitafunwi. Kikisagwa, dozi iliyokusudiwa kusambaa kwa saa nyingi inatoka yote kwa mpigo, na tumbo ndilo la kwanza kulalamika: kichefuchefu, kukatwa na tumbo, kuharisha, chakula kukosa ladha. Donepezili nayo inaweza kuleta kuharisha na kupunguza hamu ya kula, na zikikutana mbili ni mzigo juu ya mzigo.

Sijamwona Bibi, na kujichafua kuna sababu nyingine, ikiwemo ile inayosahaulika kila siku: choo kigumu kilichoziba, huku maji yakipenya pembeni na kuonekana kama kuharisha. Lakini mtu wa miaka 79 anayeharisha, anayekula nusu, aliyepoteza kilo 3 kati ya 58, yaani asilimia 5 ya uzito wake, na bado anapewa metformini, daktari wake anapaswa kuambiwa leo. Maji yakipungua mwilini figo huchoka, metformini ikabaki kwenye damu, na hapo kuna hatari ya damu kujaa asidi. Daktari anaweza kuamua kuisimamisha kwa siku kadhaa. Huo ni uamuzi wake, si wa mhudumu wala wa familia, lakini hawezi kuufanya bila taarifa.

Na hapa nikuulize kwa upole: daktari aliposema "muradi anameza, endeleeni", alikuwa anajibu swali gani? Mara nyingi simu ya haraka hupata jibu la haraka. Jaribu kuipanga simu hiyo kwa sehemu nne, uziandike kabla ya kupiga. Kwanza hali ilivyo: "Daktari, Bibi amekuwa akijichafua mwezi huu, anakula nusu, amepungua kilo 3." Pili kilichotangulia: "Metformini ilibadilishwa kuwa ya mara moja, na tangu hapo imekuwa ikisagwa pamoja na donepezili na cha presha." Tatu unavyoona wewe: "Nahofia kidonge cha kutoa dawa polepole kinatoka chote mara moja, na nahofia maji yamepungua. Presha akiwa amelala ni hii, akisimama ni hii, sukari ni hii." Nne unachoomba: "Naomba uamue kama tuisimamishe, naomba vipimo vya figo, na uniambie ni kipi kinaweza kubadilishwa aina." Presha ya kulala na ya kusimama usiiache. Mtaalamu wa viungo amekwambia Bibi hasimami imara, na mtu aliyepungukiwa maji huku anatumia dawa ya presha huanguka kirahisi sana.

Haya, sasa turudi kwenye moyo wa barua yako.

Kama nimekuelewa, umebanwa kati ya watu wawili na unaona kumchagua mmoja ni kumpoteza mwingine, huku chini ya hayo kuna swali zito zaidi: je, ni halali kumpa mtu dawa bila yeye kujua, eti kwa sababu amesahau mengi? Nadhani maswali haya mawili yamefungwa pamoja kwa kamba isiyo ya lazima. Inawezekana mhudumu mkongwe akawa amekosea njia na bado akawa ndiye mtu anayemfaa Bibi. Inawezekana kijana akawa ameandika ukweli, na bado akahitaji kufundishwa kuogesha.

Tuanze na neno "anakataa". Bibi anakataa nini hasa? Inaweza kuwa kidonge chenyewe, ukubwa wake, saa, mkono unaompa, maji machache, au uchungu. Kabla timu haijajadili kuficha dawa, mtu mmoja akae naye mchana kwenye mwanga, amtazame mdomoni: kuna vidonda, utando mweupe, meno yanayouma, meno ya bandia yaliyolegea baada ya kupungua uzito? Kisha mtazame anavyokunywa maji akiwa ameketi wima. Akikohoa, sauti ikibadilika kama ana maji kooni, au akibakiza kitu shavuni, basi kile unachokiita kukataa huenda ni kujilinda asipaliwe, na mtu wa kumuita ni mtaalamu wa kumeza au daktari. Kinu hakitamsaidia hapo.

Lipo na suala la namna tunavyompa. Kwa mwenye demensia, vidonge vitatu kwenye kikombe pamoja na sentensi ndefu ni mkanganyiko. Kimoja kimoja, glasi ya maji ikiwa tayari mkononi mwake, maneno machache, na anayempa akiwa ameketi usawa wa macho yake. Akikataa, ondokeni bila ugomvi, mrudi baada ya dakika 20 au 30, ikiwezekana kwa uso mwingine. Dawa nyingi huvumilia kuchelewa kiasi hicho. Muulize daktari ipi haivumilii.

Dhana ya pili ni kwamba Bibi haelewi. Huenda ni kweli kwa sasa, lakini uwezo wa kuamua haupimwi mara moja ukawekewa muhuri wa maisha. Hupimwa kwa jambo moja moja, na kwa wengi hubadilika kulingana na saa. Mtu anaweza kushindwa kusema mwaka huu ni upi, na bado akaelewa, saa nne asubuhi akiwa ametulia, kwamba kidonge hiki ni cha sukari na kwamba asipokimeza anaweza kuugua. Pima hivi: anaelewa unachomwambia? Anakishika kwa muda wa kutosha kujibu? Anaweza kulinganisha kumeza na kutomeza? Anaweza kuonyesha uamuzi wake, hata kwa ishara? Kama anaweza, hapana yake ni hapana, hata kama inatuumiza. Kama hawezi, ndipo swali la kuficha dawa linapoweza hata kufunguliwa.

Tena, kuna tofauti kubwa kati ya kuchanganya na kuficha. Kumwambia "Bibi, nimekuwekea dawa kwenye kijiko hiki cha kwanza ili ishuke vizuri" na yeye akafungua mdomo, huko si kuficha. Huenda baadhi ya asubuhi mhudumu mkongwe amekuwa akifanya hivyo. Muulize. Usimuulize mbele ya watu.

Nikitazama njia zilizo mbele yako, naona kama nne, na kila moja ina gharama yake.

Unaweza kumuondoa mhudumu mkongwe. Faida yake ni kwamba mtoto wa kiume atatulia na sheria ya timu itaonekana ina meno. Hasara ni kwamba Bibi atapoteza uso anaoujua, na kwa mwenye demensia hilo si jambo dogo: anaweza kupoteza usingizi, kugoma kula, kugoma kuoga. Pia ataondoka na maarifa ambayo hayako mahali popote isipokuwa kichwani mwake. Ukiielekea njia hii, angalau usiifanye kwa siku moja. Wiki mbili za zamu za pamoja, mpya akitazama na mkongwe akitenda, kisha wabadilishane, hupunguza makali.

Unaweza kuruhusu kusaga kuendelee, ila kwa utaratibu. Njia hii wengi huiona rahisi, na mimi huiogopa pale inapochukuliwa kirahisi. Utaratibu wenyewe ni huu. Daktari athibitishe kwa maandishi kwamba Bibi hawezi kuamua jambo hili, na kwamba dawa husika ni ya lazima kiasi cha kuihitaji hatua hiyo. Mfamasia apitie kila dawa, moja moja, aseme ipi inasagika, ipi ina aina ya maji, ipi ina kibandiko cha ngozi. Familia isikilizwe, na hapo neno "ameridhia" la binti litazamwe vizuri, kwa maana idhini ya mtoto haichukui nafasi ya sheria ya mahali mlipo: jueni nani anatambulika kumsemea. Kisha iandikwe tarehe ya kuangalia upya, mwezi mmoja si mbali.

Hata utaratibu huo ukikamilika, hatari hazikwishi. Dawa ikichanganywa kwenye sahani nzima na Bibi akaacha nusu, hakuna ajuaye amepata kiasi gani. Alama iliyowekwa kwenye karatasi inakuwa si kweli, na daktari akiona sukari imepanda anaweza kuongeza dozi ya dawa ambayo hailiwi. Ndiyo maana, pale inaporuhusiwa, dawa huwekwa kwenye kijiko kimoja au viwili vya mwanzo, na chakula kingine hubaki kisafi. Chakula chenye uchungu nacho humfundisha mgonjwa kutokiamini chakula. Bibi anayeacha nusu ya sahani huenda anatueleza hilo kwa njia pekee aliyobaki nayo.

Njia ya tatu ni kupunguza mzigo wenyewe. Muulize daktari, kwa kila dawa, inamletea Bibi faida gani leo, katika umri huu na uzito huu. Malengo ya sukari kwa mzee mwenye demensia huwa yanalegezwa, kwa sababu sukari ikishuka sana ni hatari ya karibu kuliko ikipanda kidogo. Presha ya mtu aliyekonda inaweza kuhitaji dozi ndogo zaidi. Donepezili ina vidonge vinavyoyeyuka mdomoni, na dawa ya kundi lake, rivastigmini, ina kibandiko cha kubandikwa ngozini kwa saa 24. Mkifika huko, mfundishe kila mhudumu kubandua cha jana kabla ya kubandika cha leo, kwani vikikaa viwili au vitatu mgongoni ni dozi kupita kiasi. Hatari ya njia hii ni haraka. Usisimamishe donepezili kwa uamuzi wako, na kama zimepita siku nyingi bila kumezwa, usiirudishe kwa dozi ileile bila kumuuliza daktari. Wako wagonjwa ambao kumbukumbu na utendaji wao hushuka wazi baada ya kuiacha.

Na unaweza kurudi kwenye kutoa dawa wazi, kukubali kwamba siku nyingine atakataa, na kuandika "amekataa" bila aibu. Hapa hofu yako ya lawama naiona. Lakini tazama: ile karatasi safi iliyokufurahisha ilikuficha mengi kuliko ambavyo karatasi yenye "amekataa" tatu kwa wiki ingekuficha. Wapeni wahudumu herufi nne za kuandika: M amemeza, K amekataa, T ametema, N amepata nusu. K mfululizo siku mbili inamaanisha wewe unapigiwa simu. Mhudumu akijua kwamba K haimletei karipio, ataiandika.

Njia hizi zinaweza kuchanganyika, na huenda jibu la daktari kuhusu metformini likabadilisha mpangilio wake wote.

Kuhusu mhudumu mkongwe, nina neno moja la kumtetea na moja la kumbana. La kumtetea: alikutana na tatizo la kila asubuhi, peke yake, mgonjwa amefumba mdomo na saa inakwenda, akatafuta dawa ya tatizo. Hakuwa na njia fupi ya kukuuliza. Ukiangalia kanuni za kumkabidhi mtu kazi ya kiuguzi, zinadai mambo matano: kazi inayofaa kukabidhiwa, mazingira yanayofaa, mtu anayefaa, maelekezo yanayoeleweka na usimamizi wa kufuatilia. Jiulize kama maelekezo yalisema la kufanya Bibi anapokataa, au yalisema tu "mpe saa mbili". La kumbana: aliweka alama ya "amemeza" kwa dawa ambayo hakuweza kuwa na hakika nayo, na alikuficha wewe. Yote mawili aambiwe, faragha, akiwa ameketi, na kwa mpangilio huo.

Na lile jibu lake, "ninyi mnaandika, mimi namtunza", usilichukue kama dharau kabla hujalichunguza. Huenda kuandika kunamchosha, huenda hajui kinachotakiwa. "Ameshinda vizuri" ni jibu la kawaida kwa daftari lenye mistari mitupu. Kaa naye nusu saa, yeye aseme wewe uandike, ukurasa wa kwanza wa daftari: Bibi akikunja pindo anataka choo, akatwe kucha saa ngapi, aguswe mkono upi kwanza, neno gani linamtuliza. Kwa mengine ya kila siku, safu nne zinatosha: saa ngapi, nini kilitangulia, alifanya nini, nini kilifuata. Jedwali lenye safu 15 hujazwa siku mbili, ya tatu linakuwa mapambo. Na wote waandike kinachoonekana. "Amekuwa mkorofi" haitusaidii kitu. "Saa 12 jioni, maji yalipomwagwa kichwani, alipiga kelele na kushika mkono wangu" inatuonyesha la kufanya.

Hilo linanileta kwenye vita vya jioni. Bibi anayeharisha ngozi yake huwa inachubuka, na kuoshwa mahali palipochubuka kunauma. Mtazameni. Ipo skeli ya maumivu kwa wasioweza kujieleza, PAINAD, inayoangalia vitu vitano: kupumua, sauti, uso, mwili, na kama anafarijika, kila kimoja alama 0 hadi 2, jumla 10. Mpimeni akiwa ametulia, kisha mpimeni wakati wa kuoshwa, mlinganishe. Halafu muache kuita zoezi zima "kuoga". Chumba kiwe na joto kabla hajavuliwa, taulo mabegani muda wote, anzeni miguuni, uso na nywele mwisho au siku nyingine kabisa, na apewe kitambaa ashike. Siku mbaya, taulo yenye maji vuguvugu akiwa amelala kitandani inamaliza kazi. Kijana amtazame mkongwe akifanya mara chache kabla ya kuachiwa tena peke yake. Yeye hajashindwa, hajaonyeshwa tu.

Kwa ombi la dawa ya kumtuliza, mjibu mtoto wa kiume kwa heshima na kwa ukweli. Dawa za kundi la haloperidoli na wenzake huongeza hatari ya kiharusi na ya kifo kwa wazee wenye demensia. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari kali mwaka 2005 kwa zile mpya na mwaka 2008 ikazijumuisha za zamani. Zina nafasi yake, pale mgonjwa anapokuwa hatari kwake au kwa wengine na njia nyingine zimeshindikana, kwa dozi ndogo na muda mfupi. Lakini kumtuliza Bibi ambaye labda anaharisha, ana kiu na anaumwa, ni kuzima kelele huku moto ukiwaka. Zuieni pia dawa za mafua zinazolevya zinazotolewa nyumbani "alale kidogo". Nyingi huongeza kuchanganyikiwa, hufunga choo na mkojo.

Watoto hawa wawili hawagombani kuhusu kinu peke yake. Mmoja anaona kila siku na amechoka, mwingine anaona mara moja kwa mwezi na anashtuka. Wote wanampenda mama yao. Ukiitisha kikao, usiruhusu kiwe mahakama ya mhudumu. Dakika 40, swali moja mezani: "Bibi anapata dawa zipi, kwa njia gani, kuanzia kesho hadi tarehe fulani?" Aanze kusema mwenye cheo kidogo, wewe umalizie, maana ukianza wewe wengine watakuitikia tu. Daktari awe kwenye simu hata kwa dakika 10. Bibi mwenyewe aulizwe kabla, kwa lugha yake, na jibu lake lisomwe kikaoni hata kama ni kusukuma mkono. Mwisho, mmoja arudie kwa sauti yaliyokubaliwa, nani anafanya nini, lini mnaangalia tena. Hatari ya kikao ni kwamba watu watatoka na amani bila kuwa na uamuzi. Kikishindikana, una haki ya kusema hadharani kwamba mpaka mfamasia ajibu, kwenye timu yako hakuna kidonge kinachosagwa, na mambo mengine yabaki wazi.

Kabla ya kikao hicho, tafuta dakika za kukaa na kijana. Mwambie alichoandika kilikuwa kazi yake, na kwamba bila mstari ule wewe usingeweza kuunganisha kuharisha na kidonge. Mfundishe pia kwamba jambo zito kama lile likiandikwa lifuatwe na simu kwako saa ileile, ili familia isilisome kabla yako. Bado anaweza kuomba kuhama, na ana haki hiyo.

Na wewe, Sista, umesema kwenye barua yako kwamba lawama ni yako. Sehemu kubwa ya unachobeba kitapungua uzito kikiandikwa: tarehe, uliyemwambia, alichojibu, mlichokubaliana. Anza na simu ya leo. Niandikie ukishapata jibu la daktari na la mfamasia, uniambie na choo cha Bibi kikoje siku tatu baada ya kinu kuwekwa kando.

Mshauri wako